Gazi: Elimu Iliyorudi Nyumbani



Atokaye Mombasa kwenda Gazi huvuka kwa feri ya Likoni, akashika barabara ya Lunga Lunga, akaipita Ukunda, na baada ya mwendo wa kilomita 50 hivi akakunja kushoto kabla hajafika Msambweni. Wengi wetu tulilijua jina la kijiji hiki kwa historia tu, kwani hapa ndipo palipokuwa makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyepambana na Waingereza mpaka mwaka 1896 alipovuka mpaka na kuingia katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani. Safari hii hatukwenda kwa ajili ya vita vya zamani. Tulikwenda kutazama jambo ambalo kila nyumba ya pwani ina haki nalo: utafiti wa wasomi humfikiaje mama aliye jikoni?

Tuseme kweli, vijiji vyetu vimeulizwa maswali mengi. Huja vijana na madaftari, wakapima samaki, wakawapima watoto uzito na kimo, wakamuuliza mama jana alipika nini. Mama huacha shughuli zake akawajibu kwa adabu, na pengine akawakaribisha chai. Kisha wageni huondoka, na matokeo huandikwa kwa lugha ambayo yule mama haisomi. Elimu iliyochukuliwa kwa watu ni amana, na amana hurudishwa kwa wenyewe. Gazi ni miongoni mwa mahali ambapo tumeona amana hiyo ikirudi.

Ghuba ya Gazi imezungukwa na zaidi ya hekta 600 za mikoko, na mito miwili, Kidogoweni na Mkurumuji, huleta humo maji matamu kutoka bara. Watu wa mbali huiona miti yote hiyo kuwa ni mmoja, lakini wazee wetu waliitambua kila aina kwa jina lake: mkoko, mchu, mlilana, muia, mkandaa, kikandaa, mkomafi, mkomafi dume na msikundazi. Ni aina tisa, na wataalamu wa leo nao huhesabu tisa katika pwani ya Kenya. Kabla ya vitabu vya chuo kikuu, elimu hii ilikuwa vichwani mwa wakata boriti, waganga wa miti shamba na wanawake waokota kaa.

Katika miaka ya 1970, sehemu za msitu huu zilikatwa kabisa ili kupata kuni za viwandani. Palipokuwa na kivuli pakabaki tope tupu, mchanga ukaanza kuhama, na miti haikuota tena yenyewe. Mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, akiwemo Dkt. James Kairo, walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji. Kazi hiyo ilithibitisha kuwa kila mti una makazi yake: mlilana huikabili bahari, mkoko hufuata nyuma yake penye tope zito, na mkandaa hupenda karibu na nchi kavu. Anayepanda bila kujua hilo hupoteza mche na jasho lake.

Je, haya yanamhusu nini mpishi? Tulipopita kwenye daraja la mbao linalokata ndani ya msitu, jibu lilikuwa chini ya miguu yetu. Katikati ya mizizi hujificha kamba, kaa na watoto wa samaki wa aina nyingi, kwa kuwa samaki wakubwa hawapenyi humo kwa urahisi na chakula ni tele. Wakishapata nguvu hutoka kwenda kwenye nyasi za baharini, na wengine hufika mpaka mwambani. Mkoko ukikatwa leo, upungufu huonekana baadaye kwenye dema na kwenye sahani.

Na sahani hiyo ina uzito wake. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kaunti ya Kilifi, jirani zetu wa kaskazini, watoto 37 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ilhali kwa nchi nzima ni 18. Kumbe kuwa na bahari mlangoni si dhamana ya lishe. Samaki mkubwa hununuliwa na mwenye mtaji akapelekwa hotelini na mjini. Yule mdogo hushikwa na mama karanga, anayemkaanga na kumuuza kijijini kwa bei ambayo jirani yake anaimudu. Wataalamu wa lishe wanatukumbusha kuwa samaki mdogo anayeliwa mzima, kama dagaa, humpa mtoto madini ya mifupa ambayo hayapatikani katika mnofu peke yake. Basi tusimdharau dagaa, wala tusimdharau mama karanga. Riziki ya wanyonge hupita mikononi mwake.

Tangu mwaka 2013, wanavijiji wa Gazi na Makongeni wanaendesha mradi wa Mikoko Pamoja katika hekta 117 za msitu huo, kwa makubaliano na Idara ya Misitu. Miti hunyonya hewa ya kaboni na kuifukia, sehemu kubwa ikiwa ndani ya tope. Wanasayansi walipima kiasi hicho, na kila mwaka kazi ya ulinzi inayolingana na tani 3,000 hivi huuzwa kwa wanunuzi wa ng'ambo. Wako wanaouliza kwa mzaha, "Mnauza hewa?" Kinacholipwa ni uangalizi: kupanda, kulinda na kujizuia kukata. Fedha hizo zimeleta maji ya bomba na kusaidia shule, na mivinje imepandwa ili watu wapate kuni na miti ya kujengea bila kuingia mikokoni. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na baadaye Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata njia hiyo hiyo.

Hatusemi kuwa Gazi imetajirika. Fedha ni za kiasi, na anayenunua ulinzi wa mikoko yetu huku akiendelea kuchafua kwao hajatimiza wajibu wake. Lakini mama anayefungua bomba karibu na nyumbani amepata jibu la maswali aliyoulizwa, tena jibu asilohitaji kutafsiriwa.

Kwa hiyo tunawausia dada zetu na wazazi wote. Mtafiti akibisha hodi, mkaribisheni, kisha mumuulize: matokeo mtatuletea lini, na kwa lugha gani? Swali hilo si utovu wa adabu. Ni kudai amana. Wafundisheni watoto majina tisa ya miti hiyo, wavulana na wasichana, kabla wazee hawajaondoka nayo. Na tukumbuke kuwa Mtume wetu (SAW) ametufunza kuwa mti anaoupanda Muislamu, akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Kaa na samaki nao wamo katika hesabu hiyo, inshallah.

Atakayependa kuzuru, daraja hilo la mbao linasimamiwa na kikundi cha akina mama wa Gazi, na mapato ni yao. Nendeni wakati maji yamekupwa, ili watoto waione mizizi na kaa kwa macho yao, na mle chakula kilichopikwa hapo hapo.

Wabillahi tawfiq.