Kurambaza

Ukifungua Wikipedia ya Kiswahili, pembeni mwa ukurasa utakuta neno Urambazaji. Pale kazi yake ni kumwongoza msomaji kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Vijana wa hapa Makambako hulipita kwa kidole kila uchao, wala hawana sababu ya kuuliza lilizaliwa wapi. Mimi nilikutana nalo kwanza kwenye kamusi, enzi za chuo cha ualimu, nikalitunza kama mtu atunzavyo ufunguo wa nyumba asiyoijua. Nyumba yenyewe niliingia Desemba moja, nikiwa nimekwisha kustaafu, katika mapumziko yangu ya kwanza huko Kilwa.

Sisi wa nyanda za juu tuna uhusiano wa ajabu na msamiati wa bahari. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni na Julai sakitu huweza kuunguza shamba zima la viazi kwa usiku mmoja. Kwa zaidi ya miaka thelathini niliwafundisha ushairi watoto waliokulia kati ya mashamba ya chai na misitu ya kupandwa, na kila mara mashairi yaliwataka wapande chombo: tanga, usukani, nahodha, mawimbi. Neno moja tu lilikuwa limewatangulia nyumbani. Mlingoti kwao ni mkaratusi, ule mti mrefu ulionyooka ambao hukatwa ukawa nguzo ya umeme. Walipokutana na mlingoti ndani ya shairi, waliona mti umesimama juu ya maji, na hawakuwa mbali na ukweli.

Tulitoka Kilwa Masoko kwa mashua ya tanga, tukielekea Songo Mnara, kisiwa ambacho magofu yake pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Kaskazi ilikuwa mgongoni mwetu. Nahodha, mzee wa rika langu, alinikabidhi mshipi wa nailoni. Mwishoni mwake palikuwa na ndoana iliyofichwa ndani ya kipande cheupe cha samaki, kilichokatwa chembamba kama utepe.

“Shika, Mwalimu. Leo tunarambaza.”

Nilimwomba anieleze kana kwamba sijawahi kulisikia neno hilo. Akasema mvuvi aliyetia nanga humngoja samaki, lakini mrambazaji humfuata. Mshipi unakokotwa nyuma ya chombo, nacho chambo kinacheza karibu na uso wa maji kama samaki mdogo anayekimbia. Wanaovuliwa hivyo ni wale wawindaji wenye mbio: nguru, jodari, kolekole. Changu na chewa wa miambani wana mishipi yao mingine. “Chombo kikisimama,” akaongeza, “chambo kimekufa.”

Basi nikaelewa kwamba katika kurambaza mvuvi ni mmoja tu kati ya wanaovua. Tanga linavua, upepo unavua, na anayeshika usukani anavua pia. Kazi yangu ilikuwa kuuacha mshipi upite juu ya kidole na kusikiliza. Nguru alipokamata, uzi ulinichoma kiganja. “Legeza! Usishindane naye!” Nikalegeza, nikavuta, nikalegeza tena, hata akaingia chomboni, urefu wake kama mkono wangu, mbavu zake zikimetameta kwa fedha.

Wakati wa kurudi kaskazi ilikuwa inatukabili, na ikabidi tubishe: kwenda upande huu, kupindua tanga, kwenda upande ule, hatua kwa hatua tukiupanda upepo. Nikawaza juu ya mtu anayebisha hodi na mtu anayebisha katika mazungumzo. Sidai kwamba chimbuko ni moja, lakini wote watatu wanakabiliana na kitu ambacho hakijawafungukia. Nahodha alimwagiza mjukuu wake, mara joshi, mara demani. Kijana alitii kwa kuangalia mkono wa babu yake, maana kazi yake ya kila siku ni kwenye boti ya injini. “Kwenye mashine hakuna joshi, Mwalimu,” babu alinieleza. “Kuna mbele na nyuma.” Hakusema kwa kulalamika, injini humrudisha kijana nyumbani hata upepo ukifa.

Hapo ndipo ninapotaka washairi wenzangu watulie kidogo. Maneno ya bahari yanapanda mlima, na hilo ni jambo la kufurahia, ila hupanda yakitua mizigo njiani. Mlingoti ulifika Njombe na unyoofu wake, ukaliacha tanga. Urambazaji ulifika kwenye kioo cha simu na mwendo wake, ukauacha mshipi, na pamoja na mshipi kile kidole kinachosikiliza. Sioni vibaya neno kupata kazi mpya. Ninachohofia ni siku ambayo hata Kilwa hapatakuwa na mtu wa kutueleza kazi ya kwanza. Kamusi itabaki na fasili, lakini fasili haikuunguzi kiganja. Anayeandika “tanga” na amkalie mwenye tanga walau siku moja, na aandike alichosikia kabla hajatafuta vina.

Biashara hii haikuwa ya upande mmoja. Tulipokaribia Masoko nahodha aliniuliza baridi ya kwetu inafanya nini hasa. Nikamweleza asubuhi ya Julai, majani yakiwa meupe na kuvunjika chini ya kiatu, na jua likishatoka viazi vinageuka vyeusi. Nikampa neno lake: sakitu. Alilirudia mara tatu kwa sauti ya chini, kisha akauliza kama lina msimu wake, kama kaskazi. Nikamwambia linao.