Nilivyoamua Kubaki Kishapu

Mimi ni mkulima na mfugaji wa Kishapu, mkoani Shinyanga. Natoa ushuhuda huu kwa ajili ya vijana wanaoiona leo migunga imefungamana nyuma ya nyumba zetu, wakadhani nchi hii imekuwa hivi siku zote.

Nilipokuwa kijana, kiangazi kilikuwa vumbi tupu. Miti ilifyekwa kwa miaka mingi: kwanza kufukuza mbung'o, kisha kupanua mashamba ya pamba. Watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, wengi waliacha nyuma ngitili zao, yaani malisho ya akiba ya familia na ukoo. Mama zetu walipikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe. Wasukuma wengi waliswaga mifugo yao kuelekea Rukwa na Usangu, wasirudi. Nami nilikuwa nimeshaaga ndugu.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Bwana misitu aliyefika kwetu baadaye aliketi na wazee, akamwuliza babu yangu: "Mzee, zamani ng'ombe wenu walikula nini mwezi wa tisa?"

"Walikula ngitili," babu akajibu. Akaeleza kwamba mvua zikianza, eneo linafungwa, hachungi mtu humo mpaka kiangazi kikolee na majani ya kwingine yaishe. Bwana misitu akamwomba amwoneshe mipaka ya zamani. Wakazunguka mpaka jua likachwa, babu akinyoosha fimbo, mgeni akiandika kwenye daftari. Nilitembea nyuma yao. Jioni ile nilimwambia mke wangu kwamba hatuhami.

Sheria za ngitili hazikuletwa kutoka ofisini. Zilitungwa kwenye dagashida, mkutano wetu wa kimila, na sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wakazisimamia. Aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alilipa faini, awe fukara au mwenye zizi kubwa. Nimemwona tajiri akitoa ng'ombe wake mbele ya watu, na tangu siku hiyo hakuna aliyesema sheria ni ya wanyonge.

Sehemu kubwa ya miti haikupandwa na mtu. Visiki vilivyokuwa hai ardhini vilichipua vyenyewe vilipoepushwa na shoka na meno ya mbuzi. Majani yalitangulia, vichaka vikafuata, halafu miti. Tulipata kuni karibu, fito, majani ya kuezekea, uyoga, asali, na mizizi ya dawa ambayo waganga walikuwa wakiifuata mbali. Kijiji kilikodisha malisho ya ngitili yake, na fedha zile zikaezeka darasa ambalo wanangu wamesomea.

Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Kufikia wakati huo, ngitili zilizorudishwa mkoani zilizidi hekta 300,000. Mwaka 2004 mradi ukafikia mwisho. Magari yaliondoka, lakini dagashida ilibaki, na mvua zilipoanza tulifunga ngitili kama kawaida, bila kusubiri mtu wa kutuamuru.

Ninyi mnaotumwa vijijini na miradi, ulizeni kwanza watu walikuwa wakifanya nini, na nani wanamsikiliza. Kisha kaeni muda wa kutosha kuona kazi ikishika. Shinyanga ilichukua karibu miaka ishirini, na hakukuwa na njia ya mkato.

Nanyi wanangu, ardhi sasa ni finyu, wanunuzi wa mkaa wanapita kila wiki, na ngitili zinagawanywa vipande kila mzee anapofariki. Nawasihi: gawaneni mashamba, gawaneni ng'ombe, lakini ngitili iacheni nzima.