Sponji ya Kung'arishia Gari na Amana ya Rangi



Katika mji wetu wa Tabora gari halikai safi siku mbili. Barabara kuu zitokazo mjini zimetiwa lami, lakini mitaa mingi na njia za vijijini bado ni za mchanga, na wakati wa kiangazi vumbi huingia kila mahali. Vumbi hili si unga mtupu. Ndani yake mna chembe za mawe zilizo ngumu kuliko rangi ya gari. Kijana achukuapo kitambaa kikavu akalifuta, huwa amelipiga gari msasa bila ya kujua. Haupiti muda mrefu, likisimama juani, huonekana mikwaruzo myembamba ya mviringo mfano wa utando wa buibui. Hapo ndipo mwenyewe atafutapo fundi wa kuling'arisha.

Kazi hiyo nimeifanya miaka mingi, na vijana hunijia kuniuliza wanunue mashine gani. Huwajibu kwamba swali lao limeanzia mwisho. Mashine huzungusha tu. Kinachogusa rangi ni sponji iliyobandikwa mbele yake, pamoja na dawa iliyopakwa juu ya sponji hiyo.

Na tuitazame kwanza rangi yenyewe. Bati la gari la siku hizi hupakwa matabaka kadha: dawa ya kuzuia kutu, rangi ya msingi, rangi tuionayo, na juu kabisa vanishi angavu. Matabaka yote hayo pamoja ni kama sehemu ya kumi ya milimita, au zaidi kidogo. Na vanishi peke yake kwa kawaida ni nyembamba kuliko unywele wa mtu. Wengi hudhani kwamba polishi huujaza mkwaruzo. La! Polishi humega vanishi iliyo kando ya mkwaruzo mpaka uso wote uwe sawa. Basi kila mara gari ling'arishwapo huondolewa kitu kisichorudi.

Sponji ni za daraja tatu. Ya kwanza ni ngumu, nayo hukata. Hufaa kwa rangi iliyochakaa sana. Ya pili ni ya wastani, nayo huondoa mikwaruzo midogo na kurudisha mng'ao. Ya tatu ni laini, nayo ni ya kumalizia au ya kupakia nta. Tena zatofautiana kwa vitundu vyake: vilivyo wazi hupitisha hewa na kupunguza joto, hali vilivyofungika huizuia dawa isizame ndani. Na joto ni adui, kwani sponji ngumu ikikaa mahali pamoja huweza kuiunguza vanishi kwa muda mfupi.

Sasa nawaonya juu ya jambo moja. Sponji hutiwa rangi ili zitambulikane, lakini watengenezaji hawakuafikiana. Ya manjano kwa huyu yaweza kuwa ya kukata, na kwa yule ikawa ya kumalizia. Wazee wa njia ya misafara waliijua hadaa ya namna hii. Stanley, aliyefika Unyanyembe mwaka 1871 akitokea Bagamoyo, ameeleza kuwa shanga nyekundu zilipokewa Unyamwezi, na shanga nyeusi zilizokuwa kama fedha Ugogo hazikuwa na thamani kwingine. Mfanyabiashara aliyetazama uzuri wa shanga asiulize zinakubaliwa wapi, alilipa ujira wa wapagazi kwa mzigo usiomfaa. Nawe basi usinunue kwa rangi. Soma maandishi ya mtengenezaji, kisha ibonyeze sponji kwa vidole.

Upana nao una hesabu yake. Sponji na ipite kidogo sahani ya mashine, ili ukingo mgumu wa sahani usiguse bati. Na kwa mahali pembamba, kama nguzo za madirisha, yafaa sponji ndogo. Jihadhari zaidi na kingo na mikunjo ya bati, maana hapo vanishi huwa nyembamba kuliko kwingine.

Alinijia dereva mmoja alishaye watoto wake kwa gari la kukodi. Boneti lake lilikuwa limesagwa mahali pengine kwa sponji ngumu, hata rangi ya msingi ikatokeza ukingoni. Alitaka nimrudishie mng'ao, nami sikuwa na dawa wala sponji ya kurudisha kilichokwisha ondoka. Ilibidi boneti lipakwe rangi upya, na siku alizolisubiri nyumbani kwake hakukuingia senti. Mkwaruzo uliomtoa kwake ulikuwa mdogo.

Kwa hiyo mwendo wangu ni huu. Gari huoshwa kwanza likatakata. Kisha huchagua mahali padogo, nikaanza na sponji laini. Nikitazama juani nikaona haikutosha, ndipo nipandapo daraja moja. Mkwaruzo unaonasa ukucha nauacha, nikamwambia mwenyewe waziwazi kwamba kuufukuza ni kuimaliza vanishi. Gari moja lataka sponji kadha, kwa kuwa hujaa uchafu. Nazisugua kwa brashi kila nimalizapo sehemu, na jioni naziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Iliyoanguka mchangani hairudi kazini mpaka ioshwe.

Nchi yetu hii yasifika kwa asali na nta. Nta nzuri huilinda rangi na kuipa mng'ao, lakini hauondoi mkwaruzo, huufunika tu kwa muda. Mwenye kuipaka ili kuihifadhi mali yake amefanya vyema. Mwenye kuipaka ili kumficha mnunuzi aibu ya gari, hiyo ni ghushi, na fundi amsaidiaye ni mshirika wake.

Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Katika kazi hii, enyi vijana, asiyechagua ndiye alipataye. Gari la mtu mkononi mwako ni amana. Shika sponji iliyo laini kuliko zote ziwezazo kuitimiza kazi, na ukifika mahali pa kuacha, acha.