Siku ya Tatu ya Mgeni

Neno lenyewe lilinitoka bila kulifikiria, na pengine ndiyo maana sijaweza kulisahau. Nilikuwa nimeshika kipaza sauti katika uwanja wa shule ya msingi, si mbali na Ukunda, mwezi wa Agosti 2018. Ilikuwa siku ambayo sisi wanakamati wachache tuliipa jina la siku ya utamaduni. Wadigo walikuwa wamekwisha kucheza sengenya, vumbi lilikuwa halijatua, na zamu iliyofuata ilikuwa ya Wamakonde na sindimba yao. Nikasema, kwa furaha ya kweli, "Sasa tuwakaribishe wageni wetu, ndugu zetu Wamakonde." Watu walipiga makofi. Ngoma ikalia. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi mstari wa mbele aliinuka polepole, akabeba kiti chake, akakipeleka nyuma chini ya mwembe, akakaa huko peke yake mpaka ngoma ikaisha.

Nilidhani amekimbia jua. Nikampelekea maji. Aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akanywa, kisha akaniuliza, "Mwalimu, wewe ulizaliwa mwaka gani?"

Nikamwambia 1979.

"Mimi nilizaliwa hapa hapa, 1947," akasema. "Basi kati yetu wawili, nani alimkuta mwenzake?"

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo, ningepata cha kujibu. Aliniuliza kama mtu anayeuliza njia, na mimi nikasimama pale na chupa tupu mkononi, nikitafuta jibu.

Habari za Wamakonde wa kwetu nilikuwa nikizijua, au nilidhani nazijua. Nilijua kwamba wazee wao walianza kufika pwani ya Kenya miaka ya 1930, kutoka Msumbiji, kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Nilijua kwamba bendera ya Kenya ilipopandishwa mwaka 1963 wao walikuwa hapa tayari, wakilima, wakichonga, wakizika wazazi wao katika mchanga huu, lakini nchi mpya haikuwaandika kuwa wake. Na nilijua kwamba Oktoba 2016 walichoka kungoja, wakaanza safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi, karibu kilomita 500, wakamwone rais na kumdai vitambulisho. Waliitembea barabara ile wazee, na kina mama pia. Mimi niliwaona kwenye televisheni. Nilisikitika, nikazima taa, nikalala. Mwaka uliofuata walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya, nami nikafurahi kama mtu anayefurahia mwisho mwema wa hadithi ya wengine.

Ndiyo sababu niliona ni jambo zuri kuwapangia zamu katika siku yetu. Ndiyo sababu, pia, nikawaita wageni.

Usiku ule nilijitetea mbele ya nafsi yangu kwa methali. Mimi ni mtu wa pwani, na kwetu mgeni ni neno la heshima. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni hupewa mkeka mpya na sehemu nono ya samaki. Nilimkosea nini mzee wa watu kwa kumpa jina lenye utamu hivyo? Lakini methali hazitembei peke yake. Nyuma ya hiyo ikanijia ile nyingine, ambayo nimewafundisha watoto darasani miaka nenda miaka rudi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku zote nilikuwa nikiifundisha kama onyo kwa wavivu. Usiku ule niliisikia upya. Jembe la siku ya tatu ni adhabu kweli? Au ndilo linalomaliza ugeni? Aliyeshika jembe la nyumba hahesabiwi tena sahani, hakaribishwi tena mlangoni, anaingia na kutoka kama wengine. Wamakonde hawakupewa hata hizo siku mbili. Walipewa panga la kukatia mkonge siku waliyofika. Kazi ya siku ya tatu waliianza siku ya kwanza, na jina la siku ya kwanza wakabaki nalo kwa zaidi ya miaka themanini.

Na mimi ninayekaribisha, mlango huu niliupata wapi? Wazee wetu Wamijikenda husimulia kwamba tulitoka Shungwaya, kaskazini huko, tukashuka na pwani hii tukikimbia vita. Nimeisikia simulizi hiyo tangu utotoni, nimeisimulia kwa fahari, na hata siku moja haikunipitikia kwamba ni simulizi ya wahamiaji. Sisemi kwamba kwa hiyo hakuna mwenyeji duniani. Hilo ni jibu jepesi, na watu walionyang'anywa ardhi yao hapa pwani wana haki ya kulikataa. Nasema tu kwamba nilipolishika lile neno na kulitazama kwa karibu, nilikuta sina hakika lina ukingo wapi.

Baada ya wiki moja nilikwenda kwa mzee kuomba radhi. Nilimkuta barazani na kipande cha mpingo mapajani, akikipiga msasa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Neno ni dogo, mwalimu. Kipande ndicho kilichokuwa kikubwa."

Kipande, yaani kitambulisho. Akanieleza maisha bila hicho kikaratasi kigumu: laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la jirani, na pesa zake mwenyewe akizipokea kupitia simu ya jirani, miaka ya kukwepa barabara kuu akiona askari, siku za uchaguzi za kukaa nyumbani. Kisha akanieleza, bila kuinua macho kutoka kwenye msasa, kwamba mwanawe wa kwanza cheti chake cha kuzaliwa kina jina la jirani kama baba, ili apate kufanya mtihani. "Jirani alikuwa mtu mwema," akasema. "Lakini mwanangu si mwanangu, kwa karatasi."

Nilikaa kimya. Nilikuwa nimekuja na maneno ya radhi yaliyopangwa vizuri, na hayakufaa kitu tena.

Njiani nikawaza juu ya neno kipande lenyewe. Babu zetu walilichukia. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inia shingoni, asipate mtu kuondoka kazini bila mwajiri kujua. Kitu kile kile ambacho kizazi kimoja kilitaka kukivua, kizazi kingine kimetembea kwa miguu kukidai. Sijui mtu awafundisheje watoto jambo kama hilo kwa kipindi kimoja cha dakika 35.

Mwaka uliofuata nilikuja kwenye kamati na shauri jipya. Mwaka wa kwanza tulikuwa tumeweka ngoma asubuhi, wakati mgeni wa heshima na wapiga picha wapo, na mjadala juu ya uhamiaji tukausukuma jioni, viti vikiwa vinakusanywa. Nikasema tugeuze: mjadala kwanza, ngoma baadaye. Kwa moyo wangu nilikuwa nimekwenda mbali zaidi. Nilikuwa nimeanza kuidharau ngoma. Niliona tumewatumia watu kama pambo, tukawashangilia wakicheza ili tusiulizwe wanaishi vipi.

Mjukuu wa yule mzee alikuwa darasani kwangu. Nilimwambia, kwa hekima yangu mpya, kwamba safari hii ngoma si jambo kubwa. Akainama. Akaniambia kwamba kabla ya ile sindimba ya mwaka uliopita alikuwa akiwaambia wenzake yeye ni Mdigo. Alipomwona nyanya yake akicheza na uwanja mzima ukipiga makofi, aliacha kusema hivyo. Basi hata hukumu yangu juu ya ngoma ilibidi niirudishe. Nimejifunza kwamba mimi hutoka kosa moja mbio mbio na kuingia jingine, na kwamba mbio hizo ndizo zinazonidanganya kuwa nimeelimika.

Mjadala ukafanyika asubuhi, chini ya mwembe. Nilikuwa nimetayarisha maswali laini. Nilieleza kwamba Katiba yetu ya mwaka 2010 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, na kwamba sheria ya uraia ya mwaka 2011 iliwafungulia njia watu wasio na utaifa waliokuwa wakiishi hapa tangu uhuru. Watu waliitikia kwa vichwa. Kisha kijana mmoja wa Kidigo akasimama nyuma, mikono mifukoni.

"Mimi nimezaliwa Msambweni, na baba yangu, na babu yangu," akasema. "Kipande nimezungushwa mwaka mzima. Naambiwa leta cheti cha babu, leta barua ya chifu, rudi wiki ijayo. Hawa wameletewa siku moja, na kamera juu. Mbona hakuna siku yangu?"

Pakanyamaza. Nami nikafanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma kuliko lile la kipaza sauti. Nilimkatiza. Nikamwambia kwamba leo tumekuja kuzungumza kwa upendo, aheshimu wenzake, akae. Kwa kuwa niliona chuki, na kazi yangu, nilidhani, ni kuifukuza chuki uwanjani. Kijana hakukaa. Alianza kuondoka.

Yule mzee ndiye aliyemwita. "Mjukuu wangu, njoo. Barua ya chifu ulipeleka ngapi?"

Kijana akageuka. "Tatu."

"Walikuuliza kiapo cha wazee?"

"Waliuliza."

"Na ulipokipeleka, wakasema muhuri umefifia."

Kijana akamtazama. "Nani amekuambia?"

"Mimi wa kwangu ulififia mara mbili," mzee akasema, na kijana akacheka, akarudi, akachuchumaa mbele ya kiti chake. Wakaanza kuulizana: dirisha gani, siku gani, karani anataka nini kwanza. Wengine wakasogea. Mama mmoja akatoa bahasha ya karatasi za mwanawe kutoka kwenye mkoba. Kwa muda wa saa nzima hakuna aliyetamka neno utamaduni, wala uhamiaji, wala kunigeukia mimi, na mimi nikakiweka kipaza sauti chini, juu ya nyasi.

Nimeuzungukia mkutano ule wa asubuhi mara nyingi. Kuna siku naona kwamba yule kijana na yule mzee walipatana kwa sababu walikuwa wamesimama katika foleni moja kwa miaka mingi bila kujuana, na kwamba kazi ya mikutano yetu ni hiyo tu, kuwawezesha watu kugeuza vichwa na kuona nani yuko nyuma yao. Siku nyingine nahofu kwamba najifariji. Ardhi haina foleni ya namna hiyo. Shamba likiwa moja na wanaolidai ni wawili, kuulizana dirisha hakutatosha. Na kijana yule kipande chake alikipata miezi mingi baadaye, si kwa sababu ya mwembe wetu. Lakini najua hili moja, kadiri mtu anavyoweza kujua: hasira yake ilikuwa na swali ndani yake, na mzee alilisikia swali wakati mimi nilisikia hasira peke yake. Aliweza kulisikia kwa kuwa lilikuwa limewahi kuwa lake.

Tangu hapo Washona wa Kiambu wametambuliwa kuwa Wakenya, na mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba wa mwambao wetu. Kila mara nafurahi, na kila mara najiuliza ni nani mwingine niliyemzoea mpaka simwoni.

Kwa miaka yote tuliyofanya siku zetu za utamaduni, langoni pamekuwa na kijana muuza njugu. Anazifunga kwa karatasi ndefu nyembamba, kumi kumi, na matamshi yake ni ya mbali, Burundi nadhani. Hakuna ngoma yake katika ratiba yetu. Amesimama pale tangu asubuhi mpaka viti vinakusanywa, ameyasikia mazungumzo yetu yote juu ya kukaribishana, na mimi nimenunua njugu zake nikiwa nakimbilia ndani kwenda kukaribisha watu. Kwenye kamati nilitaka kupendekeza tumwalike azungumze. Nikajizuia. Sijui kama anataka. Huenda kusimamishwa mbele ya watu na kuambiwa aeleze alikotoka ndilo jambo analolikimbia. Huenda karatasi zake haziko sawa, na mwaliko wangu mwema ukamwingiza matatani. Nilikuwa naanza tena kumpa mtu kiti kabla ya kumuuliza anapenda kukaa wapi.

Safari iliyopita nilifika mapema, uwanja ukiwa bado mtupu. Nilinunua njugu, nikasimama kivulini pamoja naye, nikazila pole pole bila kuondoka. Nikamuuliza jina lake. Alinitajia, kisha akaniuliza langu.