Nyumba na Nyumbani: Msimu wa Baridi Jangwani Quartzsite

Silabi moja tu hutenganisha nyumba na nyumbani. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufunzwa kwamba -ni hiyo ni kiambishi cha mahali. Huiandika hivyo katika mtihani, akapata alama zake na kwenda zake. Lakini nyumba hujengwa, huuzwa na huungua. Nyumbani ni pale mtu anaposubiriwa. Je, mwenye nyumba asiyesubiriwa na yeyote ana nyumbani? Na aliyepoteza nyumba, -ni yake huiambatisha wapi? Si maswali ya darasani pekee. Kila Januari huulizwa, ingawa kwa lugha nyingine, katika jangwa la magharibi mwa jimbo la Arizona, Marekani, mahali paitwapo Quartzsite.

Quartzsite ni mji mdogo. Sensa ya mwaka 2020 iliwakuta huko wakazi wapatao 2,400 tu, na wakati wa kiangazi, joto linapopita nyuzi 40, hata hao wachache hujifungia ndani. Majira ya baridi yakiwadia mambo hugeuka. Kaskazini mwa Marekani na kule Kanada theluji hufunika barabara, ilhali Quartzsite jua la mchana ni la kuotwa kwa raha. Ndipo wastaafu kwa maelfu huteremka kusini, nao hujulikana kwa jina la utani la ndege wa theluji. Hawaji na mahema. Huja na magari-nyumba, yaani magari yenye kitanda, jiko, choo na matangi ya maji ndani yake. Mengine ni makubwa kama basi la Mombasa, na nyuma yake huvuta gari dogo la kwendea dukani. Mengine ni matatu kuukuu, wallahi, yaliyong'olewa viti na kutandikwa godoro.

Ardhi yenyewe ni ya umma. Sehemu kubwa ya jangwa hilo mtu huruhusiwa kupiga kambi siku 14 bila malipo, kisha hana budi kuhama mbali. Wahenga wetu walimpa mgeni siku mbili, ya tatu wakamkabidhi jembe. Serikali ya Marekani, kwa hili, imewazidi ukarimu. Kwa anayetaka kukaa muda mrefu, idara inayosimamia ardhi ya umma ilianzisha mwaka 1983 maeneo maalumu, mojawapo likiwa La Posa, kusini tu mwa mji. Hapo mtu hukaa kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Aprili, na kwa miaka mingi ada ya msimu mzima ilikuwa dola 180. Hupata maji ya bomba la pamoja, mahali pa kutupa taka na pa kumwagia maji machafu. Umeme hujitafutia mwenyewe.

Mengi yameandikwa kuhusu soko la vito na mawe, na kuhusu hema kubwa la maonyesho ya magari-nyumba yanayofanyika kila Januari. Hayo na yapite. Kinachostahili kutazamwa ni viti.

Msomaji na amfuate mjane mmoja kutoka Minnesota, mwalimu mstaafu. Mumewe alifariki majira ya kuchipua. Walikuwa wamekuja Quartzsite pamoja misimu mitatu, naye mume ndiye aliyeendesha, aliyeunganisha mipira ya maji na kujua kila kelele ya injini ilimaanisha nini. Msimu wa nne mjane alikuja peke yake. Watoto walimsihi asiende. Alikwenda, kwa sababu nyumba ya vyumba vitatu aliyoiacha ilikuwa kimya mno, na hata hivyo ilimbidi aiache ikipashwa joto msimu mzima ili mabomba yasigande na kupasuka. Alikuwa akilipia joto la nyumba isiyokuwa na mtu.

Jioni ya kwanza alifungua sehemu ya mizigo, akatoa viti viwili vya kukunja na kuvipanga mbele ya mlango, kama walivyozoea. Alipogundua alichokifanya alisimama kitambo, mkono juu ya mgongo wa kiti cha pili. Hakukirudisha.

Desturi za kambi hiyo hazikuandikwa popote, lakini hufuatwa. Mkeka uliotandikwa mbele ya mlango ni ua wa mtu. Hupiti juu yake bila kukaribishwa. Jua linapotua mmoja huwasha moto, na wengine humjia kila mtu na kiti chake, kikombe chake na kipande cha ukuni. Hutokea mwenye gitaa, hutokea mwenye chungu cha maharagwe yenye pilipili. Mtu huulizwa ametoka wapi na gari lake linakula mafuta kiasi gani. Haulizwi kwa nini amekuja. Giza lile la kuzunguka moto lina heshima yake: mwenye gari la thamani ya jumba na mwenye godoro ndani ya matatu huketi bega kwa bega, na miali huwapaka rangi moja.

Lakini hapa ndipo penye utata, na wasifiao mkusanyiko huu hupenda kuuruka. Asubuhi rangi zile hutofautiana tena. Kwa mmoja gari-nyumba ni starehe ya uzeeni. Kwa mwenzake ndiyo paa pekee aliyobakiwa nayo. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, Wamarekani wengi walipoteza nyumba, na baadhi yao waliingia barabarani. Mwaka 2011 Bob Wells, ambaye mwenyewe aliwahi kuishi ndani ya gari baada ya talaka, alianzisha jangwani huko mkutano wa kuwafunza watu wa namna hiyo jinsi ya kuishi kwa kidogo. Mwandishi Jessica Bruder aliandika habari zao katika kitabu Nomadland cha mwaka 2017, na filamu iliyotokana nacho ikatwaa tuzo ya Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Ndege wa theluji ana kiota cha kurudia. Hawa wengine huhama kama wafugaji, ila malisho yao ni vibarua.

Jirani wa yule mjane alikuwa wa kundi la pili, mwanamke wa rika lake. Walifahamiana kwa njia isiyo ya kifahari. Matangi ya mjane yalikuwa yamejaa, naye akasimama kwenye shimo la kumwagia, mpira mkononi, asijue aanze na lipi. Jirani alikuja akasimama kando, mikono mifukoni. Hakumfanyia. Alimweleza tu kwamba la choo hutangulia, kisha hufuata la maji ya kuoshea vyombo, ili hayo ya pili yausafishe mpira. Mjane alifanya kwa mikono yake, akachafua kiatu kimoja, akacheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Jioni hiyo kiti cha pili kilipata mtu.

Siku moja walitembea hadi makaburi ya mji. Pana piramidi ya mawe iliyojengwa mwaka 1935, juu yake sanamu ya ngamia ya shaba. Aliyezikwa hapo Wamarekani humwita Hi Jolly, jina linalosikika masikioni mwao kama salamu ya furaha. Sikio la Mswahili halidanganyiki: ni Haji Ali. Alitoka Shamu na kuwasili Texas mwaka 1856 pamoja na ngamia walionunuliwa na jeshi la Marekani kwa ajili ya kubeba mizigo katika majangwa ya magharibi. Jaribio lile lilikufa vilipozuka vita vya wenyewe kwa wenyewe; ngamia wakauzwa, wengine wakaachwa wazurure. Haji Ali alibaki. Alioa Tucson, akatafuta madini, akafariki Quartzsite mwaka 1902. Bamba la kaburi linasema kwamba hapo ndipo kambi yake ya mwisho.

Mjane aliyasoma maneno hayo mara mbili. Kule Minnesota, jiwe la kaburi la mumewe lina majina mawili. Lake mwenyewe limeshachongwa, na mwaka wa kuzaliwa. Nafasi ya mwaka wa pili imeachwa wazi. Alimwambia jirani jambo hilo, ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Jirani alijibu kwamba yeye hajui atazikwa wapi, na kwamba hilo halimkoseshi usingizi kama linavyomkosesha gurudumu la nyuma.

Ilikuwa katika mazungumzo ya njia ya kurudi ndipo mjane alipofahamu kwamba jirani huyo huenda Minnesota kila Oktoba. Huenda kwenye mavuno ya viazisukari, zamu ya saa kumi na mbili, baridi ikiuma vidole, na usiku hulala ndani ya gari lake katika kiwanja cha vibarua. Mashamba yenyewe ni mwendo wa saa moja kutoka nyumbani kwa mjane. Miaka yote aliyofundisha huko aliyaona malori ya viazi yakipita barabarani, na hakuwahi kujiuliza ni mikono ya nani iliyokuwa nyuma yake.

Mwisho wa Machi joto lilianza kurudi na duara la viti likapungua. Kila asubuhi palionekana mraba wa ardhi iliyopauka ambapo jana palikuwa na mkeka. Jioni ya mwisho mjane alisema lile alilolibeba kwa wiki tatu: kwamba ana vyumba viwili visivyolaliwa, na jirani aje akae. Alilisema haraka, kama aombaye radhi.

Jirani alinyamaza muda. Alishukuru. Kisha akauliza kama, badala ya chumba, angeweza kuegesha gari lake mbele ya nyumba ile wiki za mavuno, na kuoga maji moto jioni. Chumba kingine anacho tayari, alisema, akielekeza kidevu kwenye gari lake.

Mjane alitafuta karatasi, akakosa, akaandika anwani nyuma ya risiti ya kuni. Chini yake aliongeza, kwa herufi ndogo, kwamba mlango wa nyuma hugoma kufunguka na sharti usukumwe kwa bega.