Bafle Mbili na Kaseti ya Papa

Mwezi wa tatu nilikuwa na dola 180 ndani ya bahasha, na kila dola ilikuwa na kazi yake: kuchapa memwari, kuitia jalada, na nauli ya kwenda Kamina kurekodi wazee. Nilitoa 130 nikanunua bafle mbili ndogo za studio. Mama aliponiuliza sababu, nilimwambia ni za masomo. Huo ulikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ilikuwa kaseti ya Papa.

Nianze na neno lenyewe, maana sisi wa lugha hatuwezi kupita juu ya neno bila kuliinamia. Tanzania na Kenya wanasema spika, na huyohuyo Spika ndiye anayeongoza Bunge lao. Sisi Lubumbashi tunasema bafle, kutoka Kifaransa, nacho Kifaransa kililipata katika Kiingereza, ambako ni jina la ubao tu ambao koni ya sauti imefungwa juu yake. Kwa hiyo tunapoomba bafle, kwa asili tunaomba ubao. Ukipita sokoni utaona kwamba mara nyingine ndicho unachouziwa.

Kaseti ilirekodiwa mwaka 1989 katika parokia ambako Papa aliimba tenori. Wimbo ni Ave verum corpus wa Mozart, alioutunga mwaka 1791, mwaka aliofariki: hatua 46 tu, sauti nne, nyuzi na ogani. Kwaya ya Papa haikuwa na nyuzi. Ilikuwa na harmoniamu, na kirekodi kidogo cha padri kilichowekwa juu ya harmoniamu hiyo. Tulikua na kaseti ile. Ilipigwa katika redio ya nyumbani kila Pasaka mpaka utepe ukaanza kukwama, na mwaka jana rafiki yangu akanisaidia kuihamishia kwenye kompyuta. Katika spika za kompyuta, kwaya nzima ilisikika kama watu wanaoimba ndani ya sufuria.

Papa sasa ana miaka 66, na masikio yake yanaondoka kwa utaratibu ule tuliosoma katika fonetiki: sauti za juu kwanza. Konsonanti s na f, ambazo nguvu zake nyingi ziko juu sana, zimemtoka, vokali zimebaki. Ndiyo maana analalamika kwamba vijana siku hizi tunatafuna maneno. Kaske haitaki, anasema inamziba kama mtu aliyezamishwa majini. Nilitaka aisikie kwaya yake mara moja, vizuri, kabla utaratibu ule haujafika mbali zaidi. Na mimi mwenyewe nilikuwa nahitaji kitu cha kusikilizia toni za vitenzi vya Kiluba, kwa sababu memwari yangu ndiyo hiyo.

Nilianzia soko la Kenya. (Kenya ya komini yetu, msomaji wa mbali asipotee.) Mfanyabiashara mmoja alinionyesha bafle zenye taa za buluu zinazocheza, akaweka ndombolo, akapandisha sauti mpaka kifua changu kikatetemeka. "Sikia hii besi, mama! Inapiga!" Ilipiga kweli. Nikamwomba aunganishe simu yangu, nikaweka mwendo wa polepole wa kwartete ya Schubert. Violoni mbili zikawa moja, selo ikawa ngoma. Yeye mwenyewe akakunja uso, akasema wimbo wangu ni mbovu.

Hakuwa mjinga. Alikuwa anauza kitu kilichotengenezwa kumfurahisha mnunuzi: besi imeinuliwa, sauti za juu zimeinuliwa, na katikati, ambako binadamu anasemea na kuimbia, pamechimbwa shimo. Bafle ya studio imetengenezwa kwa nia nyingine. Fundi anayerekodi anataka kujua kilichomo katika utepe, si kupendezwa nacho, kwa hiyo bafle yake inajaribu kutoa kila kimo kwa nguvu ileile iliyoingia. Kwa muziki wa klasiki tofauti hiyo ni kubwa kuliko kwa muziki wa dansi, kwa sababu wapigaji wameshapima wenyewe uzito wa kila ala wakiwa ukumbini. Bafle inayoinua besi ni kama mtu wa pembeni anayemwongoza kiongozi wa okestra.

Mwenzangu wa darasa aliniuliza kwa nini nisitumie pesa hizo kwa rumba, muziki wetu, badala ya muziki wa Wazungu. Swali hilo sina subira nalo. Okestra ya Wakimbangu ya Kinshasa ipo tangu 1994, na Missa Luba iliimbwa Kamina mwaka 1958 kwa Kilatini na kwa ngoma. Papa alijifunza noti kabla hajajifunza kuendesha baiskeli.

Basi nikaanza kusoma orodha za vipimo, na hapo mwanaisimu akafurahi, kwa sababu orodha hizo ni lugha yenye hila zake. Yamaha HS5, yenye koni nyeupe ya inchi tano, inaandikwa kwamba inashuka mpaka 54 Hz. Soma mabano: hapo sauti imeshapungua kwa desibeli 10. Ukidai isipungue zaidi ya desibeli 3, kampuni yenyewe inakupa 74 Hz. Namba zote mbili ni za kweli, lakini ya kwanza ndiyo inayopendwa na wauzaji. JBL 305P inaandikwa 43 Hz kwa hesabu hiyohiyo ya upole. Anayelinganisha bafle mbili bila kuuliza kila moja imepimwaje, analinganisha tafsiri mbili bila kuona matini.

Hizo zote mbili zilikuwa juu ya bahasha yangu. Zilizobaki ni za koni ya inchi tatu na nusu, kama PreSonus Eris 3.5, ambayo inaandikwa 80 Hz na kuuzwa kwa jozi, moja ikibeba amplifaya ya zote mbili. Nilisita wiki nzima juu ya namba hiyo. Nyuzi ya chini kabisa ya selo ni do ya 65 Hz. Kontrabasi inashuka mpaka 41. Je, ninunue bafle isiyoweza kutoa noti ya chini ya selo?

Jibu nililipata katika simu. Laini ya simu ya zamani hupitisha sauti kati ya 300 na 3400 Hz tu. Mzee wa Kamina anayeongea kwa kimo cha 110 Hz hafiki chini ya mlango huo. Sauti yake ya msingi inabaki nje. Lakini mjukuu wake anasikia toni zote. Katika Lingala tunatofautisha kufika na kuandika kwa toni peke yake, na hakuna aliyewahi kukosa mkutano kwa sababu simu ilimla toni. Sikio linapata 330, 440, 550, linaona hatua ni 110 kila mara, na linarudisha lenyewe msingi uliopotea. Selo vilevile. Do ya 65 inaleta pamoja nayo 130, 196, 262, na bafle ndogo inazitoa hizo bila shida. Noti unaisikia.

Uzito wake, hapana, na hapo sitaki kumdanganya mtu. Requiem ya Kijerumani ya Brahms inaanza na nyuzi za chini, na katika sehemu yake ya kwanza violoni hazipigwi kabisa. Kwangu ule mwanzo unasikika kama picha ya mlima: umbo lote lipo, ila huwezi kuukalia. Anayependa ogani asinunue koni ya inchi tatu na nusu. Afadhali asubiri, akusanye pesa. Mimi kaseti yangu ilikuwa ya sauti nne za watu, na wanaume wa besi wa parokia hawashuki chini ya 80 Hz hata wakitaka.

Chumba changu nacho kilikuwa na la kusema. Ni mita tatu kwa tatu, zege na mabati. Bafle kubwa humo ingejaza pembe mngurumo na nisiongeze ninachosikia. Hata hizi ndogo, siku ya kwanza nilizibandika ukutani na selo ikavimba. Nikazisogeza mbele kwa urefu wa mkono, nikaziinua juu ya matofali mpaka twita zikafika usawa wa masikio, nikapima kwa kamba umbali kati yao uwe sawa na umbali mpaka kwangu. Kanga mbili za Mama zikaenda kwenye ukuta wa nyuma. Hizo kanga na kamba zilibadilisha sauti kuliko dola 100 zaidi zingebadilisha. Halafu kulikuwa na mlio mwembamba usiokoma, nikadhani nimeibiwa. Kumbe ni chaja ya kompyuta. Ukiichomoa, kimya. Katika ndombolo mlio huo usingeusikia mwaka mzima. Katika Schubert, pale nyuzi zinapokaribia kunyamaza, unakaa katikati ya chumba kama mbu.

Kazi ya toni ilikwenda haraka. Programu ya Praat huchora mstari wa kimo, lakini mstari hukatika kila penye konsonanti isiyo na mtetemo wa koo, na hapo lazima sikio liamue. Katika kurasa zangu za kwanza, nilizoandika kwa spika za kompyuta, nilirekebisha sehemu kumi na moja. Bahasha niliijaza tena kwa kuwachapia wenzangu kazi zao usiku, na Kamina nilifika mwezi wa saba badala ya wa nne. Mwalimu wangu hakufurahi. Alikuwa na haki.

Kaseti niliisikiliza kwanza peke yangu. Fuo la utepe lilikuwa kubwa kuliko nilivyokumbuka, kwa sababu bafle hizi hazifichi kitu, lakini nyuma yake kwaya ilifunguka. Soprano walikuwa mbele, mmoja wao akivuta pumzi kila mara kabla ya wenzake. Pedali za harmoniamu zilisikika zikikanyagwa. Na katika tenori nikamtambua Papa, kwa namna anavyoitamka r mpaka leo. Kwenye noti ndefu, kabla ya kituo cha mwisho, tenori mmoja anashuka. Si sana, labda robo ya toni, lakini wenzake wanabaki juu na yeye anabaki chini mpaka noti inakwisha. Nilirudia mara sita. Alikuwa yeye.

Nyumbani kwetu Papa ndiye sikio. Ndiye aliyetuamsha tulipokuwa tukiimba vibaya jikoni. Ndiye aliyewasimamisha wanakwaya wa siku hizi baada ya misa na kuwaambia walipokosea, mpaka Mama akamwomba aache. Nilikaa na hizo bafle zangu zisizoficha, nikafikiri kumpigia kaseti katika redio ya zamani, ambako kosa lile lilikuwa limezikwa miaka yote. Ingewezekana pia kulikata: kompyuta inaweza kushusha sauti kwa sekunde mbili na mtu asijue. Nilijaribu. Nikafuta jaribio.

Jumapili jioni nikamweka kwenye kiti, kwenye ncha ya kamba. Mama akakaa kitandani. Papa alifumba macho tangu hatua ya kwanza, mikono juu ya magoti, na midomo yake ikawa inakwenda. Alitaja watu polepole, kama anayesoma daftari la mahudhurio: huyu ni fulani, alikwenda Kolwezi, huyu amekufa, huyu naye amekufa. Soprano wa pumzi alimcheka kwa jina. Nilikuwa naangalia mstari ukitembea juu ya skrini kuelekea pale mahali, na nilitaka umeme ukatike.

Haukukatika. Tenori akashuka. Papa akainua kidole.

"Umesikia ule mwenye kushuka?"

Nikanyamaza.

"Njo miye ule, mama," akasema, macho bado yamefumbwa. "Padri alikuwa ananiangalia kila mara pale. Kila Jumapili. Rudisha nyuma, nisikie tena."

Nikarudisha. Safari hii umeme ulikatika hatua mbili kabla. Kompyuta ina betri, bafle hazina; mstari ukaendelea kutembea kimya. Papa hakungoja. Alimalizia tenori yake gizani, kwa sauti ya mzee, na palepale akashuka.