Tumerudi kwenye Sinia



Sisi ni watu wa pwani tulioletwa Kamere, kando ya Ziwa Naivasha, na kazi za mashamba ya maua. Kwetu bahari hujaa na kupwa. Taka iliyotupwa jioni, asubuhi hatukuiona, tukadhani imekwisha. Ziwa halina pa kuificha. Mito ya Malewa na Gilgil huingia, lakini hakuna mto unaotoka. Maji hupenya chini kwa chini. Kinachoelea hubaki nasi.

Ramadhani iliyopita tuliwafuturisha majirani kwa pilau tuliyoipakia katika visanduku vyeupe vya plastiki ya povu, vile vya chipsi. Vilikuwa rahisi, na havikuhitaji kuoshwa. Baada ya Idi, watoto walirudi kutoka ufukweni na konzi ya chembe nyeupe walizoziokota kwenye mafunjo. Wakatuuliza, “Haya ni mayai ya ndege gani?” Tulinyamaza, kwa kuwa tulizijua.

Plastiki hiyo haiozi. Hukanyagwa, ikavunjika chembechembe, nao samaki na ndege huidhania chakula. Tena chakula cha moto chenye mafuta huweza kuvuta kemikali zake. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na tukaizoea hali hiyo. Visanduku tulivinunua kwa hiari yetu, hakuna aliyetulazimisha.

Tulipokata shauri kurudi kwenye sinia, mama zetu waliuliza swali la haki: “Na nani ataosha?” Kweli, urahisi wa visanduku ulikuwa umewapunguzia wao mzigo. Basi tukaafikiana kwamba anayekula na aoshe, wanaume na wavulana wakiwa wa kwanza. Jioni ya kwanza sufuria zilibaki na ukoko. Ya pili ziling’aa.

Sasa tukienda kununua chipsi au samaki wa kukaanga, tunachukua bakuli lenye kifuniko kutoka nyumbani. Muuza chipsi alicheka mwanzoni. Siku hizi hulinyoshea mkono kabla hatujasema. Mayai tunayabeba katika trei za karatasi.

Tulifikiri israfu ni kumwaga chakula tu. Kumbe hata chombo cha kuliwa mara moja na kutupwa ni israfu. Nalo sinia limeturudishia jambo tulilokuwa tumelipoteza bila kujua: kula pamoja, mkono kwa mkono, na mgeni akiwa katikati yetu.